Nani Kaumia? Kuichagua Wiski Yako ya Kwanza ya Moshi

Chupa ile ilikuja na shemeji yangu kutoka Glasgow, imeviringishwa ndani ya sweta ili isivunjike sandukuni. Ilikuwa Laphroaig, wiski ya Uskoti, ya miaka 10. Tukaifungua sebuleni jioni, na kabla sijamimina hata tone, mjomba aliyekuwa anasinzia kwenye kochi akafumbua macho, akanusa hewa mara mbili, akauliza: "Nani kaumia?"

Alidhani kuna mtu anasafishwa kidonda.

Tulicheka hadi machozi. Kisha nikaonja funda moja, na kicheko kikakatika. Ilikuwa kama kulamba bandeji iliyookolewa motoni. Nikairudisha glasi mezani, nikawaachia Waskoti kinywaji chao, na ikapita karibu miaka miwili kabla sijajaribu tena. Safari ya pili nilianza na wiski nyingine, yenye moshi wa namna nyingine, na jambo likafunguka. Kumbe nyumba ilikuwa na mlango, mimi nilipitia dirishani.

Makala hii ni ya anayeutafuta huo mlango. Kama hunywi, kwa dini au kwa hiari yako, karibu vilevile: sehemu kubwa ya habari hii ni habari ya moshi tu, na moshi hauna mwenyewe.

Mjomba alikuwa sahihi

Harufu aliyoitambua mjomba inatoka kwenye ukoo wa kemikali uitwao fenoli. Mkubwa wa ukoo, fenoli yenyewe, zamani aliitwa asidi ya kaboliki, na mwaka 1865, hukohuko Glasgow, mpasuaji Joseph Lister alianza kuitumia kwenye vidonda ili visioze. Sabuni ya kaboliki tuliyoogeshwa nayo utotoni ilibeba harufu hiyo. Dettol nayo inatokana na ndugu wa ukoo huohuo. Basi Laphroaig inaponuka zahanati, pua yako haijakudanganya. Inasimuliwa hata kwamba Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, Laphroaig iliendelea kuingizwa kule kama dawa: ofisa wa forodha akishainusa, hana la kubisha.

Ukoo huu una watoto wengine. Krezoli zinanuka lami, ile ya mashua iliyozibwa nyufa au ya nguzo ya umeme iliyopakwa dawa. Guayakoli ndiyo moshi mtamu wa kuni, wa samaki aliyekaushwa juu ya moto. Na ukiichukua guayakoli ukaipachika kijitawi kidogo cha kaboni unapata yujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoipa karafuu harufu yake. Aliyekulia Pemba, akaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi wakati wa mavuno, ameishi na fenoli tangu utotoni bila kuambiwa.

Nayasema haya kwa sababu mgeni akiambiwa "wiski ya moshi" hudhani moshi ni kitu kimoja, kinachotofautiana kwa wingi tu. Hebu fikiria mioshi unayoijua. Kuna wa udi kwenye chetezo, kuna wa nyama choma mafuta yanapodondokea mkaa, kuna wa kibuyu cha mursik kilichosuguliwa kwa mkaa kule Bonde la Ufa. Kuna wa dagaa. Kuna wa tairi. Sijaona mtu anayeipenda yote kwa kiwango kimoja. Wiski nazo zimegawana mioshi hivyohivyo, na aliyekimbizwa na mmoja anaweza kuhamia kabisa kwa mwingine. Swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni hilo: moshi wangu ni upi?

Udongo unaowaka

Wiski ya Uskoti inayoandikwa Single Malt kwenye lebo hutengenezwa na kiwanda kimoja kwa kimea cha shayiri. Kimea kila mpika pombe ya mtama au ulezi anakijua: nafaka inalowekwa, inaachwa ichipue, halafu inakaushwa kabla haijawa mmea. Sisi tunaanika juani. Kwa jua la Uskoti, ungesubiri mpaka shayiri ioze. Wao hukausha kwenye tanuri, na moshi huingia hapo, kimea kikiwa bado kibichi na chenye unyevu wa kuudaka. Kikishakauka hakishiki moshi tena.

Kinachochomwa ni piti. Ni mabaki ya mimea yaliyozama kinamasini kwenye maji yasiyo na hewa, yakashindwa kuoza sawasawa, yakarundikana. Kasi yake ni kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo jembe likizama mita moja limeshuka miaka elfu moja hivi. Hukatwa kama matofali, huanikwa, kisha huwaka taratibu kwa moshi mwingi na mwali mdogo.

Huku kwetu si kitu kigeni. Rwanda na Burundi huiita nyiramugengeri. Burundi imeichimba kwa miongo mingi kama kuni, na Rwanda imejenga mtambo wa umeme wa piti huko Gisagara. Na piti iliyotanda eneo moja kubwa kuliko yote katika nchi za joto imelala chini ya msitu wa bonde la Kongo: mwaka 2017 wanasayansi walipoichora ramani walipata kilomita za mraba zipatazo 145,500, zenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Hapo ndipo penye doa la wiski ya moshi, na sitalificha. Kinamasi cha piti ni ghala la kaboni. Ukichoma kilichochukua miaka elfu kujijenga, hukirudishi msimu ujao. Viwanda vya wiski si wachimbaji wakubwa ukivilinganisha na watengenezaji wa mbolea za bustani, lakini moto ni moto.

Kilichofia kinamasini ndicho kitakachonukia. Piti ya kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, ndiyo maarufu kwa harufu ya dawa, lami na ufuo wa bahari. Ile ya visiwa vya Orkney, kaskazini, ambako upepo mkali hauachi miti kusimama, imejaa kichaka kidogo cha maua kiitwacho heather, na moshi wake una utamu wa asali na ubani. Ya bara ina mabaki mengi zaidi ya miti, nayo hunuka zaidi kama moto wa kuni.

Zamani karibu wiski yote ya Uskoti ilikuwa na moshi, maana piti ndiyo iliyokuwa kuni. Reli ikafika bonde la Spey miaka ya 1860, ikaleta makaa ya mawe, tanuri zikapata moto usio na moshi mwingi, na wiski za kule zikawa safi na nyepesi. Islay haikufikiwa na reli. Piti ilikuwa mlangoni, bure, wakaendelea nayo. Kwa hiyo ladha ambayo leo watu wanailipia kwa hela ndefu ilianza kama shida ya usafiri. Hufikiria hilo kila ninaposikia mtu analalamika gongo lina moshi: kwetu maana yake mpishi alisinzia, Islay maana yake bei imepanda.

Herufi tatu zinazopotosha

Ukianza kuulizia utakutana na ppm, yaani sehemu kwa milioni, kipimo cha fenoli. Wiski ya Bowmore hutajwa kwenye 25 hivi. Caol Ila na Lagavulin kwenye 35. Laphroaig 40 na ushee, Ardbeg 55. Kiwanda cha Bruichladdich kina wiski iitwayo Octomore ambayo toleo lake la 8.3 lilipita 300. Mgeni akiziona namba hizi huzisoma kama ukali wa pilipili, akajipangia ngazi: nitaanza 25, nikizoea 35, mwisho 55. Ngazi nzuri, ila imeegemezwa ukuta usio wake.

Namba hiyo kwa kawaida hupimwa kwenye kimea, kabla hata hakijasagwa. Toka hapo mpaka glasi ni mbali, na kila kituo fenoli hushuka. Nyingine hubaki kwenye makapi, nyingine chini ya mtambo. Wakati wa kukeneka, pombe hutoka mtamboni kwa zamu: kichwa kinachotoka kwanza hakinywewi, unafuata moyo ambao ndio unaohifadhiwa, mwisho mkia. Fenoli ni wazito wa kuamka, huja kwa wingi kuelekea mkiani. Mkenekaji akichelewa kufunga moyo, anaingiza moshi mwingi na lami yake; akiwahi, anapata moshi mdogo na msafi. Kimea ni kilekile, namba ni ileile, wiski ni mbili.

Mfano mzuri ni hizo mbili za 35. Caol Ila na Lagavulin zote ni za Islay, zina mwenye mali mmoja, na kimea chao kimetoka kwenye kiwanda kimoja cha kukaushia kule Port Ellen, kikiwa na kiwango cha moshi kinachokaribiana sana. Mitambo ya Caol Ila ni mirefu, mvuke unapanda njia ndefu ukigusana na shaba, na wiski inatoka nyepesi: ndimu, majivu, samaki wa moshi. Ya Lagavulin ni minene kama pea na huendeshwa polepole. Wiski yake ni nzito, tamu, kama umeketi usiku kando ya moto na chai ya rangi iliyokolea. Mtu asiyeambiwa hawezi kukisia kwamba zimetoka tanuri moja.

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Peter Mackie, aliyekuwa bwana wa Lagavulin, alikuwa pia na haki ya kuiuza Laphroaig, jirani yake. Mwaka 1907 haki hiyo ikamponyoka. Kwa hasira akaamua kutengeneza Laphroaig ya kwake. Mwaka 1908 akajenga ndani ya eneo la Lagavulin kiwanda kidogo kilichoitwa Malt Mill, akanakili mitambo ya jirani, akavuta hata mafundi wake. Kiwanda hicho kilifanya kazi mpaka 1962, na wiski yake haikuwa Laphroaig hata siku moja. Kama mtu mwenye fedha, mitambo na mafundi wa jirani alishindwa kuipata ladha kwa kunakili, namba moja kwenye lebo itakuambia nini?

Vitu vitatu vinavyosema ukweli kuliko ppm ni umri, pipa na nguvu ya kileo.

Umri kwanza, kwa sababu unakwenda kinyume na wengi wanavyodhani. Moshi hufifia kadiri wiski inavyokaa pipani. Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni, ndani ya Uskoti. Nyingi hukaa 10 au zaidi. Chupa changa ndiyo yenye makucha. Ardbeg wana ya miaka 5 waliyoiita Wee Beastie, kama kusema kinyama kidogo, na jina halijakosea. Lagavulin ya miaka 8 inakuja na moshi mkavu na ncha kali. Ya miaka 16 moshi umeshakaa chini, umeacha nafasi kwa tende na zabibu. Kwa hiyo anayenunua changa kwa kudhani kwamba bei ndogo ni upole, ajiandae.

Pipa nalo. Sheria za Marekani zinataka bourbon, wiski ya kwao, ikae kwenye pipa jipya, kwa hiyo mapipa yao yaliyotumika mara moja huvuka bahari kwenda Uskoti kwa wingi, yakiwa na vanila na utamu wa nazi. Mapipa yaliyobeba sheri, mvinyo wa Hispania, huleta matunda makavu na viungo. Moshi kwenye pipa la bourbon unasimama wazi, unauona vizuri. Kwenye la sheri unavaa joho.

Nguvu ya kileo haihitaji maneno mengi. Chini ya asilimia 40 hairuhusiwi kuitwa wiski ya Uskoti. Kati ya 40 na 46 mgeni ataonja kitu. Ukiona 55 na kuendelea, mara nyingi wiski imetiwa chupani kama ilivyotoka pipani, bila kuzimuliwa, na ulimi wako utasikia moto kabla ya moshi. Iache kwa sasa.

Sasa uchukue ipi

Anza na usichokijua kuwa unakijua. Johnnie Walker Black Label imejaa baa zetu, na wengi wameinywa miaka na miaka pamoja na soda na barafu nyingi bila kugundua kwamba ina moshi. Ni mchanganyiko wa wiski nyingi, nyingine zikiwa za Islay, Caol Ila ikiwamo. Agiza toti moja tupu, bila soda, inywe taratibu. Moshi utaupata mwishoni, ukishameza, nyuma ya ulimi. Ukiupata na ukaupenda, jaribu Double Black, ambayo ni njia hiyohiyo ikiwa imesukumwa mbele kidogo. Zoezi hili ni la bei ya toti mbili tu, na litakueleza kama kuna haja ya kuendelea.

Ukiendelea, rudi kwenye lile swali la moshi wako.

Wa udi na ubani namwelekeza Highland Park ya miaka 12, kutoka Orkney. Ina asali, ina maganda ya chungwa, na moshi wake unapita kama mtu aliyefukizwa anapokatiza sebuleni. Mwenye ulimi mgumu wa nyama choma atasema hauonekani. Huyo mpe Talisker ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Skye, yenye asilimia 45.8, moshi wa kati, na pilipili manga inayolipuka ukishadhani umemaliza kumeza. Nimewapa Talisker watu waliosema hawawezi wiski kabisa, wakarudi. Nimewapa pia watu waliokunja uso, kwa hiyo usiichukue kauli yangu kama ramli.

Bowmore ya miaka 12 ndiyo inayopendekezwa mara nyingi kwa wageni wa Islay, na sababu ipo: kila kitu ndani yake kiko nusu. Nusu moshi, nusu ndimu, nusu chokoleti. Ni ya heshima. Mimi naiona kama mwenyeji anayekukaribisha vizuri lakini hakuambii linalomsumbua.

Kura yangu ya chupa ya kwanza naipa Caol Ila ya miaka 12. Wenyeji huitamka kama "Kalila", na Islay yenyewe ni "Aila". Ukijua hayo mawili, mhudumu wa baa hatakuzungusha. Ina asilimia 43. Moshi wake hauna kificho, utajua umekunywa wiski ya moshi, lakini hauna ile bandeji iliyonifukuza mimi. Ni moshi wa samaki aliyebanikwa, mwenye ndimu juu, na kwa watu wa pwani na wa maziwa makuu harufu hiyo ina nyumba tayari kichwani. Mtu anapokutana na kigeni ndani ya kinachojulikana, hakimbii.

Lagavulin ya miaka 16 ni nzuri kuliko zote nilizotaja. Nimesema. Lakini bei yake haimfai mtu ambaye hajajua kama anapenda moshi. Subiri harusi ya mtu mwenye uwezo.

Na Laphroaig? Na Ardbeg? Za baadaye, isipokuwa kwa wachache. Ninao marafiki wawili ambao funda la kwanza la Laphroaig liliwapiga kama radi, tangu siku hiyo hawataki nyingine. Kama wewe ni mtu wa kupenda harufu ya petroli, lami mpya na chumba cha daktari wa meno, huenda uko kundi hilo, na maneno yangu yote ya tahadhari hayakuhusu. Ardbeg ya miaka 10, licha ya namba yake kubwa, mimi huiona tamu na safi kuliko Laphroaig ya umri uleule. Hapo tena ppm inaumbuka.

Mtego mmoja wa dukani: neno Islay si kiapo cha moshi. Bunnahabhain ya miaka 12 ni ya Islay na moshi wake ni wa kutafuta kwa tochi. Bruichladdich wana chupa ya rangi ya samawati, Classic Laddie, isiyo na piti kabisa, halafu kiwanda hichohicho kinatoa Port Charlotte yenye moshi mzito. Wapo waliobeba ile ya samawati kutoka uwanja wa ndege wakitarajia moto, wakafika nyumbani na shayiri na maua. Kinyume chake, moshi mzuri unapatikana nje ya Islay: Ledaig ya kisiwa cha Mull, Longrow ya mji wa Campbeltown, Benromach ya bara kwa anayetaka kidogo tu.

Kabla ya kununua mzinga mzima, nunua toti. Baa za hoteli kubwa za Nairobi na Dar es Salaam huwa na angalau moja ya hizi, na toti ghali ni nafuu kuliko chupa itakayopigwa vumbi kabatini. Au changeni watu wanne, kila mmoja alete tofauti. Vipo pia vichupa vya sentilita 5. Na nunua kwa muuzaji unayemjua: chupa ya jina kubwa kwa bei ya kuokota ina sababu yake.

Glasi, maji na subira

Mimina kidogo. Usiiingize pua yote kwenye glasi. Iweke mdomoni mwa glasi, kinywa chako kikiwa wazi kidogo, vuta hewa kwa upole. Funda la kwanza halihesabiki. Ulimi unashtukia kileo tu. La pili unaanza kusikia maneno. Kufika la nne au la tano, pua imeshazoea fenoli na inaacha kuzipigia kelele, ndipo vilivyokuwa nyuma ya moshi vinajitokeza: ndimu, vanila, tufaha, asali. Wanaokimbia baada ya funda moja, kama mimi siku ile, wameona pazia wakadhani ndiyo nyumba.

Barafu siishauri kwa mara ya kwanza, kwa sababu baridi inafunga harufu. Maji ndiyo rafiki. Matone machache ya maji ya kawaida, unaonja, unaongeza. Hata maabara imelitazama hili: mwaka 2017 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walitumia kompyuta kuiga mwendo wa guayakoli ndani ya mchanganyiko wa maji na kileo. Kileo kikiwa kingi mno, guayakoli inazungukwa nacho na kubaki ndani. Mchanganyiko ukizimuliwa hadi asilimia 45 au chini yake, inapanda kukaa juu, panapokutana kimiminika na hewa, yaani pale inapoanzia pua yako.

Kama unaonja zaidi ya moja, panga nyepesi kwanza, na nzito mwisho. Ukishapitia Laphroaig, Highland Park itakuwa maji ya chai. Na wekeni chakula mezani, si njugu pekee. Moshi unapenda chumvi na mafuta: samaki wa kukausha aliyepashwa, nyama choma, jibini kali, hata chokoleti nyeusi. Toti mbili zinatosha jioni nzima kwa kinywaji cha namna hii, na funguo za gari zikae kwa asiyekunywa.

Sasa, umefuata yote haya na bado umechukia. Hutokea. Usiimwage. Mwaka 2005 mhudumu wa baa wa New York aitwaye Sam Ross alibuni kinywaji alichokiita Penicillin, jina la dawa iliyogunduliwa na Mskoti, Alexander Fleming, mwaka 1928. Viambato vyake mtu wa Nairobi atavitambua akiwa amefumba macho: tangawizi, asali na ndimu. Ni dawa, ileile tunayoagiza mafua yakibana, ikaongezwa wiski. Chemsha asali na tangawizi iliyopondwa kwa maji kidogo, chuja, acha ipoe. Kwenye barafu tia mililita 60 za wiski ya kawaida isiyo na moshi mkali, kamulia ndimu, ongeza asali ya tangawizi kwa kiasi kinacholingana na ndimu, tikisa, mimina kwenye glasi. Halafu chukua ile iliyokushinda, weka kijiko kimoja juu, usikoroge. Moshi unabaki puani, utamu unapita kooni.

Chupa ya shemeji iliisha hivyo, kijiko kwa kijiko, na vijiko vingi vilikuwa vya mjomba.